Muhawaii ni nani? Jina moja kwa watu, lugha na visiwa

Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani kutoka 2009 hadi 2017, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961 kule Honolulu, muji mukubwa wa Hawaii. Baba yake alikuwa Mujaluo wa Kenya aliyekwenda kule kusoma chuo kikuu. Mama yake alikuwa Mumarekani muzungu, muzaliwa wa Kansas. Sehemu kubwa ya utoto wake Obama aliipitisha Honolulu, na njo kule alimaliza masomo ya sekondari.

Mutu wa mbali anaweza kusema: basi, Obama ni Muhawaii. Lakini akisema vile kule visiwani, wengi watamurekebisha. Watasema Obama ni mutoto wa hapa, ni wetu kabisa, lakini yeye si "Hawaiian".

Jambo hili linashangaza. Aliyezaliwa California anaitwa mutu wa California, aliyezaliwa Texas anaitwa mutu wa Texas, na maneno yanaisha pale. Kwa nini Hawaii iwe tofauti? Jibu liko ndani ya historia ya ile inchi. Tena si mabishano ya maneno tu. Neno hilo linaamua nani anaweza kupewa kiwanja, na kwa miaka mingi liliamua nani anapiga kura fulani.

Katika Kiingereza, "Hawaiian" ni neno moja kwa yote: mutu, lugha, muziki, nguo. Hata piza yenye mananasi inaitwa hivyo, ijapokuwa ilibuniwa mwaka 1962 kule Kanada na muzaliwa wa Ugiriki, Sam Panopoulos, mbali sana na visiwa. Kiswahili kinasaidia kidogo, kwa sababu kinatenganisha: Muhawaii ni mutu, Kihawaii ni lugha. Lakini hata Kiswahili hakitenganishi Muhawaii wa kizazi na mukaaji yeyote wa Hawaii. Njo pale shida inaanzia.

Jina linatoka wapi

Hawaii iko katikati ya Bahari ya Pasifiki, karibu kilometa 3,800 kutoka pwani ya California. Visiwa vyake vikubwa ni 8, na watu wanaishi ku 7. Kisiwa kikubwa zaidi kinaitwa Hawaii, na njo hicho kilichotoa jina kwa vyote. Honolulu iko ku kisiwa kingine, Oʻahu. Hesabu ya watu ya 2020 ilikuta wakaaji karibu 1,455,000 katika jimbo zima.

Watu wa kwanza kufika walikuwa Wapolinesia. Walisafiri kwa mitumbwi mikubwa ya matanga, miwili ikifungwa pamoja, wakisoma njia kwa nyota, mawimbi na ndege. Wataalamu wengi wa leo wanaweka safari hizo kati ya mwaka 1000 na 1200. Jina walilopeleka lina ndugu zake katika bahari yote ile: Wamaori wa New Zealand wanaita inchi ya mababu zao Hawaiki, na kule Samoa kuna kisiwa kinachoitwa Savaiʻi.

Mwaka 1778 nahodha Muingereza James Cook alifika na kuviita Visiwa vya Sandwich, kwa heshima ya mukubwa mumoja wa jeshi la majini la Uingereza. Wakati ule visiwa havikuwa chini ya mutawala mumoja; kulikuwa wakubwa mbalimbali, walioitwa aliʻi. Mumoja wao, Kamehameha, aliyetoka kisiwa cha Hawaii, alipigana vita kwa miaka mingi, na kufikia 1810 visiwa vyote vilikuwa chini yake. Namna hii jina la kisiwa cha mushindi likawa jina la ufalme wote. Mutu wa Maui na mutu wa Kauaʻi nao wakaanza kuitwa Wahawaii.

Wakati wa ufalme neno lilipata maana nyingine tena: raia wa inchi huru. Uingereza na Ufaransa zilitambua uhuru wa ufalme wa Hawaii tarehe 28 Novemba 1843. Mugeni, awe Muzungu ao Muchina, aliweza kuapa mbele ya sheria na kuwa raia wa mufalme. Kwa hiyo katika karne ya 19 mutu aliweza kuwa wa Hawaii kwa damu, ao kwa uraia, ao kwa yote mawili. Ufalme ulipoangushwa, maana ile ya uraia ilianguka pamoja nao. Ilibakia ile ya kizazi.

Majina ambayo wenyewe wanajiita

Ili kuelewa tofauti, ni vizuri kusikiliza maneno ya wenyewe.

Kanaka ni mutu. Ukivuta ile "a" ya kwanza, kānaka, inakuwa watu. Kanaka Maoli ni mutu wa asili, mutu wa kweli wa pale. Wengine wanapenda Kanaka ʻŌiwi. Ndani ya neno ʻōiwi kuna iwi, maana yake mifupa. Ni mutu ambaye mifupa ya mababu zake iko katika udongo ule.

Kamaʻāina ni neno lingine. Kama ni mutoto, ʻāina ni inchi ao udongo. Mutoto wa inchi: ni sawasawa kabisa na neno la Kiswahili "mwananchi". Na ʻāina yenyewe imetoka katika ʻai, ambayo ni kula. Udongo ni kile kinachokulisha. Lakini leo kamaʻāina anaitwa mukaaji yeyote wa siku nyingi, awe wa asili ya Kijapani, Kifilipino, Kizungu ao nyingine. Maduka na hoteli nyingi zinapunguza bei kwa kamaʻāina; mutu anaonyesha tu kitambulisho cha jimbo. Mugeni aliyefika juzi anaitwa malihini. Na haole, neno ambalo zamani lilikuwa kwa kila kitu cha kigeni, siku hizi ni hasa kwa Wazungu.

Njo vile Obama anaeleweka kule: ni kamaʻāina, lakini si Kanaka Maoli. Hakuna matusi ndani yake. Kila neno lina fasi yake.

Uhusiano wa watu na udongo unasimuliwa pia katika hadithi ya asili yao. Mutoto wa kwanza wa Wākea na Hoʻohōkūkalani alizaliwa amekufa, wakamuzika karibu na nyumba. Pale kaburini kukaota kalo, ile mumea ambayo Kiswahili kinaita gimbi na Kinyarwanda kinaita amateke. Mutoto wa pili aliitwa Hāloa, naye njo babu wa watu. Kwa hiyo kalo ni kaka mukubwa, na watu ni wadogo zake: wadogo wanatunza shamba, kaka analisha wadogo. Hata neno ʻohana, jamaa, linatoka katika ʻohā, yaani machipukizi yanayoota pembeni ya shina la kalo.

Wenyeji walipungua, wageni wakaongezeka

Kabla ya Cook, wataalamu wengine wanakadiria kwa visiwa vyote karibu watu 300,000; wengine wanapandisha mara mbili na zaidi. Kisha meli zilileta magonjwa ambayo miili ya wenyeji haikuyajua: magonjwa ya zinaa, surua, ndui, mafua makali. Kufikia 1890, Wahawaii wa kizazi, pamoja na wale waliochanganyika, walikuwa wamebaki karibu 40,000.

Wakati uleule udongo ulibadilika mikono. Mwaka 1848 ufalme uligawa inchi kati ya mufalme, wakubwa na serikali, na kisha raia wa kawaida wakaruhusiwa kuandikisha vipande vyao. Kupimisha shamba kulitaka pesa, mashahidi na karatasi, mambo ambayo wengi hawakuyazoea. Mwishoni, raia wa kawaida walipata chini ya asilimia 1 ya udongo wote. Wageni waliruhusiwa kununua, na mashamba makubwa ya miwa yakaenea.

Mashamba yalitaka mikono. Wachina walianza kuletwa 1852, kisha Wajapani, Wareno, Wapwetoriko, Wakorea, na kutoka 1906 Wafilipino. Wajukuu wa wafanyakazi hao njo sehemu kubwa ya wakaaji wa leo. Kati yao na wenyeji kulizaliwa lugha ya muchanganyiko, inayoitwa Pijini, ambayo wengi wanaisema nyumbani na barabarani mpaka leo. Pijini ina maneno mengi ya Kihawaii lakini si Kihawaii. Musingi wake ni Kiingereza.

Tarehe 17 Januari 1893, kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba, wengi wao Wazungu, walimupindua malkia Liliʻuokalani. Askari wa majini wa Marekani walikuwa wameteremka kutoka meli ya vita Boston, na malkia akaacha kiti ili damu isimwagike. Mwaka 1897 zaidi ya Wahawaii 21,000 walitia sahihi barua ya kukataa inchi yao isiungwe na Marekani. Kati ya watu 40,000 hivi, hiyo ni zaidi ya nusu. Hata hivyo, mwaka 1898 Marekani ilichukua visiwa, na tarehe 21 Agosti 1959 Hawaii ikawa jimbo la 50. Miaka 100 kisha mapinduzi, mwaka 1993, rais Bill Clinton alitia sahihi azimio la bunge lililoomba musamaha kwa wenyeji kwa sehemu ambayo Marekani ilifanya.

Leo Wahawaii wa kizazi ni karibu mukaaji mumoja kati ya 5 katika jimbo linalobeba jina lao. Katika mambo haya njo mutu anaelewa kwa nini hawapendi neno ligawiwe kwa kila mutu. Kama wakaaji wote 1,455,000 ni "Hawaiian", basi wale ambao inchi ilikuwa yao wanapotea ndani ya hesabu. Magazeti ya kule yanafuata utaratibu huo: yanaandika "Hawaiian" kwa Muhawaii wa kizazi tu, na "mukaaji wa Hawaii" kwa wengine.

Nusu ya damu

Serikali nayo ilibidi iseme Muhawaii ni nani, na pale mambo yakawa magumu.

Mwaka 1921 bunge la Marekani lilitenga karibu hektari 81,000 za udongo kwa ajili ya wenyeji, ili warudi kuishi na kulima. Aliyepigania sheria hiyo alikuwa Jonah Kūhiō Kalanianaʻole, mwana wa ukoo wa kifalme aliyewakilisha Hawaii bungeni kule Washington. Anayepewa kiwanja anakikodi kwa miaka 99 kwa dola 1 kwa mwaka. Lakini sheria ilitia mupaka: lazima mwombaji awe na angalau nusu ya damu ya wale walioishi visiwani kabla ya 1778. Kūhiō mwenyewe alitaka kiwango kidogo zaidi. Wenye mashamba ya miwa walikuwa na faida ikiwa watu wachache tu wanastahili.

Mufano unaonyesha namna sheria hiyo inavyofanya kazi. Baba ni Muhawaii mutupu, mama ni wa asili ya Kijapani. Mutoto wao ana nusu, anaweza kuomba kiwanja. Akioa mwanamuke asiye na damu ya Kihawaii, watoto wao wana robo tu. Hao hawawezi kuomba kwa jina lao wenyewe. Wanaweza kurithi kiwanja cha baba yao, kwa sababu murithi anaruhusiwa akiwa na robo. Lakini wajukuu wakishuka chini ya robo, mulango unafungwa, hata kama walizaliwa katika nyumba ileile na wanasema Kihawaii kila siku. Katika visiwa ambako ndoa za muchanganyiko ni za kawaida tangu zamani, kila kizazi kinapoteza watu kwa hesabu hiyo.

Tena hata mwenye nusu hapati kiwanja kesho yake. Orodha ya wanaongoja ina makumi ya maelfu ya majina, na wapo waliokufa wakiwa bado wanangoja.

Mwaka 1978 katiba ya jimbo ilirekebishwa, ikaunda Ofisi ya Mambo ya Wahawaii. Sheria ya ofisi hiyo iliweka tafsiri mbili kando kando. "Native Hawaiian" ni yule mwenye nusu ya damu ao zaidi. "Hawaiian" peke yake ni mutu yeyote mwenye babu ao bibi aliyekuwa visiwani kabla ya 1778, hata kama damu hiyo ni kidogo sana. Kwa hiyo ndugu wawili wa ukoo mumoja wanaweza kuwa Wahawaii wote wawili, lakini mumoja tu akawa na haki ya kiwanja.

Wakubwa wa ofisi hiyo walikuwa wanachaguliwa na Wahawaii wa kizazi tu. Mukaaji mumoja muzungu, Harold Rice, ambaye jamaa yake ilikuwa Hawaii tangu karne ya 19, alikataliwa kupiga kura, akapeleka mashtaka. Mwaka 2000 Tribinali Kuu ya Marekani ilimupa haki, ikisema kuchagua wapiga kura kwa kizazi ni kuwachagua kwa rangi, na katiba inakataza. Tangu pale kila mupiga kura wa jimbo anashiriki. Kwa wengine hiyo ilikuwa usawa. Kwa wenyeji wengi ilikuwa kama mambo ya nyumba yao kuamuliwa na jirani.

Kihawaii, lugha ya herufi 13

Kihawaii, ambacho wenyewe wanaita ʻōlelo Hawaiʻi, ni ndugu wa karibu wa lugha za Tahiti, za Visiwa vya Markiza na za Wamaori. Ukoo wao mukubwa, unaoitwa Austronesia, unaenea mbali sana: unaingiza Kimalayi, lugha za Filipino, na hata Kimalagasi cha Madagaska, hapa karibu na pwani ya Afrika. Anga ni lani katika Kihawaii, langit katika Kimalayi, lanitra katika Kimalagasi. Kufa ni make, mati, maty. Mabaharia wa ukoo mumoja walifika pande zote mbili za dunia.

Kuandika Kihawaii kunataka herufi 13 tu: a, e, i, o, u, h, k, l, m, n, p, w, na alama ʻ inayoitwa ʻokina. Alama hiyo si pambo. Ni konsonanti, sauti inayokatwa kooni. Kistari juu ya vokali kinaonyesha kuivuta. Ukiacha alama hizo, maana inahama: pau ni kuisha, paʻu ni masizi, na pāʻū ni sketi.

Musemaji wa Kiswahili atajisikia nyumbani kwa jambo moja: kila silabi inaishia na vokali. Neno la kigeni likiingia, linavaa nguo hiyo. "Christmas", ambayo Kiswahili kilifanya Krismasi, Kihawaii kilifanya Kalikimaka, kwa sababu hakina r wala s.

Kuna jambo lingine ambalo Kiswahili hakina. Kiswahili kinasema "sisi" basi. Kihawaii kinauliza kwanza: sisi gani? Kākou ni sisi sote, pamoja na wewe unayesikiliza. Mākou ni sisi, bila wewe. Kama ni watu wawili tu, kuna maneno mengine tena: kāua, mimi na wewe, māua, mimi na yule mwingine.

Dunia imeazima maneno ya Kihawaii bila kujua. "Wiki" ya Wikipedia inatoka katika wikiwiki, haraka. Na maneno mawili yako hata Goma. Wataalamu wa volkano dunia nzima, pamoja na wale wanaochunguza Nyiragongo na Nyamulagira, wanatumia majina ya Kihawaii kwa aina mbili za lava. Pāhoehoe ni ile inayotiririka kama uji na kuganda laini, na mikunjo kama kamba. ʻAʻā ni ile inayoganda ikiwa makali, mawe yaliyovunjika yanayokata viatu. Aliyetembea juu ya mawe ya volkano anajua tofauti hiyo kwa miguu yake. Majina yake yametoka kwa watu wa Hawaii, ambao volkano zao, Kīlauea na Mauna Loa, ni kati ya zile zinazowaka mara nyingi duniani.

Lugha iliyofukuzwa shuleni

Kihawaii hakikuwa lugha ya mudomo tu. Wamisionere kutoka Marekani walifika 1820, wakaanza kuchapa maandishi 1822, na raia walijifunza kusoma haraka sana. Gazeti la kwanza, Ka Lama Hawaii, lilitoka tarehe 14 Februari 1834 kule Lahainaluna, kisiwa cha Maui. Kati ya mwaka ule na 1948, magazeti karibu 100 yalichapwa katika Kihawaii, kurasa zaidi ya 100,000. Sheria, mabunge, tribinali, barua za mapenzi, habari za vita vya Ulaya: vyote viliandikwa katika lugha hiyo.

Mwaka 1896, miaka 3 kisha malkia kupinduliwa, serikali mupya ilipitisha sheria: Kiingereza njo kitakuwa lugha ya kufundishia katika shule zote. Sheria haikusema kwamba mutoto apigwe, lakini wazee wengi walisimulia baadaye namna walivyoadhibiwa kwa kusema Kihawaii shuleni. Wazazi nao waliona mutoto bila Kiingereza hatapata kazi. Wakaanza kusema na watoto Kiingereza nyumbani, na kubakiza Kihawaii kwa wazee na kwa kanisa.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, waliozaliwa katika lugha hiyo walikuwa karibu 2,000, wengi wao wazee. Watoto walioisema walikuwa makumi tu. Karibu wote walikuwa na asili ya Niʻihau, kisiwa kidogo ambacho jamaa moja ya wageni ilikinunua kwa mufalme mwaka 1864, na ambacho kilikaa kimefungwa kwa watu wa nje. Kule pekee Kihawaii hakikukatika kati ya mama na mutoto.

Redio, wazee na viota vya sauti

Kazi ya kuokoa lugha ilipata nguvu kwa njia ya redio. Mwaka 1972 Larry Kimura, kijana mwenye baba wa asili ya Kijapani na mama Muhawaii, alianza kipindi kilichoitwa Ka Leo Hawaiʻi, Sauti ya Hawaii, ku kituo KCCN cha Honolulu. Aliita wazee waliozaliwa katika lugha, akawauliza juu ya vijiji vyao, uvuvi, chakula, majina ya upepo. Wasikilizaji walipiga simu na kusema Kihawaii hewani. Kipindi kiliendelea mpaka 1988. Wazee wale karibu wote wameshakufa, lakini kanda zilihifadhiwa, na leo wanafunzi wanazisikiliza kwa njia ya intaneti ili wajue namna wazee walivyotamka.

Kisha walimu waligeukia watoto wadogo. Mwaka 1983 waliunda shirika ʻAha Pūnana Leo. Pūnana leo ni kiota cha sauti. Walifuata mufano wa Wamaori, ambao walikuwa tayari na shule ndogo za namna hiyo. Ya kwanza ya Hawaii ilifunguliwa 1984 kule Kekaha, kisiwa cha Kauaʻi, fasi ambako jamaa za Niʻihau ziliishi. Ndani ya mulango, Kihawaii tu. Ile sheria ya 1896 ilikuwa bado inasumbua. Wazazi walifuata wabunge mpaka ikalegezwa 1986. Mwaka 1987 shule za serikali zilianza madarasa ya Kihawaii, na 1999 wanafunzi wa kwanza walimaliza sekondari wakiwa wamesoma katika lugha hiyo.

Katiba ilikuwa imekwisha kusema, tangu 1978, kwamba Kihawaii ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini karatasi na maisha ni vitu viwili. Januari 2018, mwalimu wa chuo kikuu Kaleikoa Kaʻeo alisimama mbele ya hakimu kule Maui, katika kesi ya maandamano dhidi ya ujenzi wa darubini ku mulima Haleakalā. Hakimu alimuuliza jina. Alijibu katika Kihawaii. Akaulizwa tena, akajibu tena katika Kihawaii. Hakimu akatoa hati ya kumukamata, kama vile mushtakiwa hakufika, wakati alikuwa amesimama pale pale. Kesho yake hati ilifutwa, na tribinali za jimbo zikakubali kutafuta wakalimani kwa anayetaka kujieleza katika Kihawaii.

Leo

Ripoti ya serikali ya jimbo ya 2016 ilihesabu watu zaidi ya 18,000 wanaosema Kihawaii nyumbani. Wengi wao walijifunza shuleni, si ku magoti ya bibi. Kati yao wamo pia watu wa asili ya Kijapani, Kifilipino na Kizungu. Lugha haiulizi nusu ya damu, anayejifunza anakaribishwa. Lakini kuisema hakumufanyi mutu kuwa Kanaka Maoli, na Wahawaii wengi wa kizazi bado hawaisemi.

Watu wenyewe wameongezeka tena. Hesabu ya 2020 ilikuta karibu 680,000 katika Marekani yote wanaojiandika kuwa Wahawaii wa kizazi, peke yake ao kwa muchanganyiko. Lakini zaidi ya nusu yao wanaishi nje ya Hawaii, hasa California na Nevada, kwa sababu nyumba na chakula visiwani ni bei kali sana. Las Vegas ina wengi kiasi kwamba inaitwa kwa utani "kisiwa cha 9". Mutoto wa Kanaka Maoli anayezaliwa Las Vegas ni Muhawaii. Mutoto wa mugeni anayezaliwa Honolulu siku ileile ni mukaaji wa Hawaii.

Kwa kifupi

- Muhawaii (Kanaka Maoli, Kanaka ʻŌiwi): mwenye babu ao bibi aliyekuwa visiwani kabla ya 1778, popote anapoishi.
- "Native Hawaiian" katika sheria ya viwanja ya 1921: mwenye angalau nusu ya damu hiyo. Katika hesabu ya watu, jina hilohilo linachukua wote wa kizazi.
- Mukaaji wa Hawaii: yeyote anayeishi katika jimbo. Akiwa wa siku nyingi, ni kamaʻāina.
- Kihawaii (ʻōlelo Hawaiʻi): lugha ya Kipolinesia, rasmi tangu 1978. Kila mutu anaweza kujifunza.
- Pijini: lugha ya muchanganyiko iliyozaliwa mashambani, si Kihawaii.
- Mākou na kākou: sisi bila wewe, na sisi pamoja na wewe. Wahawaii wanatumia yote mawili, na musikilizaji anajua mara moja kama yumo ndani ao yuko nje.